Ziwa la Ami Seif

Waliosema kwamba maiti hasemwi kwa ubaya hawakuwahi kukaa matangani wakasikiliza anavyosemwa kwa wema. Mwezi uliopita nilikwenda Birkat al Mauz kuhani msiba wa Ami Seif, mzee ambaye zamani nusura awe baba mkwe wangu. Nilikaa juu ya zulia, mgongo ukutani, kikombe cha kahawa mkononi, nikamsikia marehemu akikua. Majlisi ya wanaume ilikuwa upande wa pili wa ukuta, dirisha limeachwa wazi kwa ajili ya joto, na maneno yao yalitufikia sisi wanawake moja baada ya moja. Mmoja alisema marehemu alikuwa hodari wa kuvua kuliko mtu yeyote aliyerudi kutoka bara ya Afrika. Mwengine akasema alikuwa na ziwa lake mwenyewe, hapa hapa Oman, chini ya mlima, na kwamba siku moja alilisha kaumu nzima ya watu kwa samaki aliowatoa humo kwa mkono wake. "Masha Allah," wakaitikia wote, kama kwamba walikuwepo. Nilikitikisa kikombe changu kuonyesha kuwa yatosha, maana nilihofia nikiongezwa kahawa nitaitema kwa kicheko. Mimi nilikuwepo. Nilikula katika chakula hicho, na miaka yote hii nimekuwa nikiikumbuka siku ile kwa dharau ambayo haikupungua hata tone.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao mvua ilisahau kwamba hii ni Oman. Ilinyesha wakati wa baridi, ikanyesha tena mitende ilipokuwa ikitiwa chavua, ikarudi tena watu walipodhani imekwisha, na wadi, mito yetu ya mvua, zilishuka kutoka mlimani zikibeba mbuzi, magari na milango ya watu. Chini ya Birkat al Mauz palikuwa na bwawa lililojengwa na serikali, ukuta mrefu wa udongo na mawe unaoikata wadi. Kila mtoto wa pale anajua kazi ya ukuta ule. Unayazuia mafuriko yasikimbilie jangwani, yatulie, yazame ardhini taratibu, yalishe visima na falaj, mifereji yetu ya kale ya mashamba. Maji yale huwekwa pale ili yapotee. Mwaka ule, kwa kuwa mvua ilirudi kila mara kabla maji hayajamaliza kuzama, bwawa lilijaa likabaki limejaa, na Ami Seif akasimama juu ya ukuta na kanzu yake na miwani yake ya jua, akayatazama maji yalivyofika hadi kwenye miguu ya mlima, akalia. Alilia kweli, mkewe alituhadithia kwa fahari. Alikulia Mwanza, na tangu ahamie Oman alikuwa akimwambia kila aliyekubali kusikiliza kwamba nchi isiyo na ziwa ni nyumba isiyo na dirisha. Jirani yake, mwenyeji wa pale, alimwambia kwa upole, "Ya Seif, hadha sadd, mu bahar," kwamba hili ni bwawa la kuzuia mafuriko, si bahari. Ami Seif alimcheka. Alisema watu waliokulia kwenye mifereji hawawezi kumfundisha mtu wa ziwa habari za maji.

Sisi tulikaa Nizwa, na asili yetu Unguja mjini, na mama yangu, Bi Shekha, alikuwa na daraja zake za binadamu alizozipanga kwa samaki. Juu kabisa walikaa watu waliokua wakila changu na nguru walioletwa asubuhi ile ile kutoka baharini. Chini yao walikaa wale wa papa mkavu, ambao angalau walikuwa na sababu. Chini kabisa, mahali ambapo hata huruma haifiki, walikaa watu wa samaki wa maji baridi. "Samaki hajaionja chumvi tangu kuzaliwa," alikuwa akisema, "atakuwa na ladha gani? Bora utafune kitambaa cha kuoshea vyombo." Alidai kwamba akitiwa samaki mdomoni, macho yamefumbwa, angeweza kusema ametoka maji gani na ana siku ngapi tangu afe. Hatukuwahi kumfumba macho. Mtu akishajisifia ulimi wake namna ile, nani atathubutu kumjaribu? Kwa hivyo alipokuja Bi Rukia, mke wa Ami Seif, kuniposea mwanawe Salim, mama alimpokea kwa halua na kahawa, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi akakaa kitako na kunitazama mimi, niliyekuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ualimu.

"Watu wazuri," alisema. "Wana nyumba, wana dini. Kijana anasomesha, hamdulillah. Lakini, mwanangu, utakuja kupikishwa kamongo wa matopeni wewe."

"Hapa Oman kamongo atatoka wapi, mama?"

"Mie najua? Watu wale wanaweza kumfuga uwani. Hebu tuwatazame kwanza."

Tukaenda kuwatazama, na pa kuwatazamia palikuwa bwawani. Ami Seif alikuwa amekwenda Batina kwa mtu aliyefuga samaki katika birika la shamba, akarudi na mapipa ya plastiki nyuma ya pikapu, maji yakirukaruka njia nzima, akawamimina bwawani kwa bismillahi. Aliwaita sato. Humo majini walikuwamo tayari visamaki vya wadi, vidogo kama kidole, ambavyo wenyeji hawavitazami mara mbili, ila watoto wanaotia miguu majini ili waje kutafunwa ngozi ya visigino. Hao Ami Seif hakuwahesabu kuwa samaki. Kila Ijumaa baada ya sala walikusanyika pale wenzake waliorudi kutoka bara, watu wa Mwanza, wa Tabora, wa Bujumbura, wenye vyeo na maduka, kila mmoja na kiti chake cha kukunja, kofia yake na ufito wake wa kuvulia wenye mashine ya kuviringishia mshipi. Walipanga viti vyao juu ya ukuta wa serikali wakatupa ndoana. Sisi wanawake tulikaa upande wa kivuli cha magari, na chupa za chai na sinia la mandazi, na upepo ulituletea mazungumzo yao yote, tukitaka tusitake.

"Sangara wa kwetu, bwana," alisema mmoja, "ukimfunga nyuma ya baiskeli mkia unaburura chini."

"Huyo mdogo," akajibu mwenzake. "Sisi tulimpasua mmoja tumbo, tukakuta ndani kuna sangara mwingine mzima. Na huyo wa ndani naye alikuwa siriazi kabisa, wa kulisha harusi."

Ami Seif akawaacha wamalize, kama mfalme anayesubiri watumishi wanyamaze, kisha akaanza na wake. Yake siikumbuki yote, ila nakumbuka kwamba kila Ijumaa samaki wale wale walikuwa wamenenepa. Alijua kuvua sangara, alijua kuvua kuhe wa Kigoma, alijua siku gani samaki anakula na siku gani amenuna, alijua kila kitu isipokuwa maji yaliyokuwa chini ya miguu yake yanakwenda wapi. Siku moja alimtoa sato wa kwanza, akainuka na kiti kikaanguka, akapiga kelele kwa upande wetu kwamba amepata samaki wa urefu wa mkono mzima, kuanzia hapa mpaka hapa, akajigusa bega. Salim alikuwa amesimama nyuma yake ameshika ndoo. Alimchungulia samaki akasema, bila kejeli yoyote, "Kama kiganja, baba."

"Kiganja cha nani?"

"Changu."

Wazee wakacheka, na Ami Seif naye akacheka kwa shida. Mama aliteremsha kikombe chake cha chai. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu wa ziwani kama anavyotazamwa mtu. "Huyu kijana katokaje katika nyumba ile?" alininong'oneza. Mimi nilikuwa nimeshajiuliza zamani. Ijumaa zilizofuata Salim alikuwa akija upande wetu kuchukua chai ya wazee, na ilipoonekana kwamba hakuna anayekasirika, akawa anakuja na ufito mmoja wa ziada. Alinifundisha kutupa mshipi mbele ya macho ya mama yangu na ya mama yake, hatua chache kutoka kwenye mandazi. Nyungunyungu wa chambo aliwachimbua kwenye shamba la migomba na kuwaleta ndani ya kopo la maziwa. Nilikataa kuwashika, naye hakunicheka, akawa ananitilia yeye. Nilimwuliza kama ni kweli baba yake aliwahi kuvua sangara aliyemzidi uzito.

"Hapana," alisema. "Baba alikuwa na duka la vitambaa. Samaki walivua watu wengine, yeye alikuwa ananunua tu."

"Na unamwacha aseme?"

"Anafurahi. Simkatizi. Lakini mimi nikiulizwa, nasema nilichokiona."

Nilimpenda kwa neno hilo. Nalisema wazi kwa kuwa nimeshakuwa mtu mzima na sina wa kumwonea haya. Nilikulia kati ya watu wa maneno matamu, Waunguja waliokuwa wakitia chumvi kwenye Unguja yao kama wale walivyotia kwenye ziwa lao, kila mtu kwao alikuwa na jumba, kila jumba lilikuwa na ngazi ya mpingo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Katikati ya ngoma zote hizo alikuwepo mtu mmoja aliyempima samaki kwa kiganja chake mwenyewe. Niliamua, pale pale na mshipi mkononi, kwamba mama atasema yake na mimi nitaolewa na Salim, na kama nitapikishwa kamongo, basi nitapika kamongo.

Mvua ilikoma mwanzo wa joto, na bwawa likafanya kazi iliyojengewa. Kwanza yalitokeza mawe, kisha miti iliyokuwa imezama, imevaa matambara na mifuko ya plastiki. Wenyeji walipita wakatazama, wakafurahi, maana maji yakishuka bwawani yanapanda visimani, na falaj ya Birkat al Mauz ilikuwa haijawahi kukimbia vile. Ami Seif alisema ziwa linapumua. "Hata letu kule linapumua," aliwaambia wenzake, "linashuka, linapanda. Msiwe na haraka." Kila Ijumaa viti vilisogezwa mbele, vikashuka ukutani, vikaingia kwenye tope kavu, na wazee wakayafuata maji kama watu wanaomfuata mgeni asiyetaka kuagwa. Mwenye akili angetafuta mashua wakati maji yako juu. Ami Seif aliinunua yalipokuwa yakishuka, mashua ndogo ya plastiki ngumu, akaipaka rangi ya buluu, akaandika jina la mkewe ubavuni. Kisha akatangaza karamu. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba mama yangu huwadharau watu wa samaki wa maji baridi, na jawabu la posa lilikuwa halijatoka. Basi alialika marafiki, majirani na sisi, na akasema mbele ya watu msikitini kwamba siku hiyo hakutaliwa nyama. Wataliwa sato wa bwawani, na Bi Shekha atakula, na akishakula atatoa jawabu mwenyewe.

Siku chache kabla ya karamu mimi na mama tulikuwa tunarudi kutoka Maskati, na tulipofika Birkat al Mauz mama akamwambia dereva akate kona tukalione ziwa. Mashua ya buluu ilikuwa imelala upande juu ya udongo uliopasuka vipande vipande. Katikati lilibaki dimbwi, rangi ya chai ya maziwa, na ndege weupe wamelizunguka wakila bila haraka.

"Liko wapi?" akauliza mama.

"Ami Seif anasema linapumua."

"Basi limekata roho, maskini." Akapandisha kioo cha gari.

Tulidhani karamu itakuwa ya mbuzi. Mtu yeyote mwenye haya angechinja mbuzi, akawaambia wageni wake kwamba Mungu alitoa maji na Mungu ameyachukua, na wangemwombea dua wakala wakaondoka wakimpenda zaidi. Lakini haya inahitaji mtu akubali kuonekana mdogo, na Ami Seif alikuwa hajawahi kumruhusu hata samaki aonekane mdogo. Tulipoingia ndani ya nyumba yao siku ile tulipokelewa na harufu ya samaki wa kukaanga tangu barazani. Chumba cha wanawake kilikuwa na magodoro ya kijani yaliyozunguka ukuta, pazia za kijani, udi unafuka kwenye kona, na migomba ya jirani ikigusa dirisha kwa nje. Tulikuwa wengi tumebanana magoti. Kutoka majlisi tulimsikia mwenye nyumba akiwakaribisha wanaume. "Karibuni, karibuni. Wote hawa ni wa kwetu bwawani. Niliwatoa mapema, kabla maji hayajashuka. Leo mtajua kwa nini tunalilia ziwa." Mama alinitazama akainua nyusi moja. Dimbwi tuliloliona lisingetoa samaki wa kulisha paka wa mtaa.

Masinia ya wenzetu yalikuja na wali na vipande vya samaki wa kukaanga. La kwetu sisi wawili alilileta Bi Rukia mwenyewe, dogo, lenye samaki wawili wazima wa kupaka, wamechomwa kwa mkaa na kumwagiwa tui zito la nazi lenye bizari na ndimu. Aliliweka mbele ya mama kwa mikono miwili, akapiga magoti pembeni yake, na chumba kikapunguza sauti. Kila mwanamke aliyekuwa pale alijua kinachongojewa. Mama alikunja mkono wa kanzu, akamega mgongoni kwa vidole vitatu, akatia mdomoni, akafumba macho kama alivyozoea kujisifia. Nami nikamega. Nyama ilikuwa imara, safi, imeingia chumvi mpaka kwenye mwiba, haina hata kivuli cha tope.

"Umewaonaje, Bi Shekha?" akauliza Bi Rukia.

"Watamu," alisema mama. Akameza, akajipangusa midomo. "Wana chumvi ya kuzaliwa."

Mtu mmoja alikohoa. Mwengine aliinamia sinia lake. Bi Rukia alifumbua mdomo, akatazama dirisha ambako sauti ya mumewe ilikuwa ikitokea, akaufumba, kisha akasema, "Karibuni, ongezeni wali." Mama alikula samaki wake wote akabakisha kichwa na mwiba, kwa adabu ya kuua. Nilitoka uani kunawa. Karibu na bomba palikuwa na sanduku la plastiki jeupe jepesi, na barafu iliyobaki chini yake, na juu ya barafu vichwa vya changu, vyekundu, vyenye macho ya kushangaa. Mtu yeyote wa bara ya Oman aliyajua masanduku yale. Wachuuzi walikuwa wakiyapanga Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapoachana na ya Nizwa, na kuwauzia wapita njia samaki wa Sur. Salim alitoka jikoni na birika la maji moto la chai ya majlisi. Aliniona, akaona ninachokitazama, akasimama.

"Salim," nilisema, "samaki hawa wametoka wapi?"

Kutoka dirishani baba yake alikuwa akiwaeleza wageni namna alivyowavuta, mmoja mmoja, na mshipi ukimkata vidole. Salim alisogea karibu kidogo. "Wenu wametoka bwawani," alisema.

"Na hivi vichwa?"

Akaligeuzia sanduku mgongo. "Mimi nakwambia wenu. Wametoka bwawani."

"Nimeliona bwawa, Salim. Nimepita pale na mama."

"Umeniuliza," akasema, "nimekujibu."

Alikuwa akinitazama machoni, na hilo ndilo lililonichoma. Baba yake alipodanganya alitazama juu, alitazama mbali, alitazama lile ziwa lake la zamani. Huyu alinitazama mimi. Nilihisi kitu kimekatika ndani yangu, na mahali pake kikaingia kile ambacho nimekaa nacho mpaka leo, dharau baridi, safi, isiyo na hata hasira. Niliona kwamba yale ya kiganja yalikuwa mchezo wa mtoto anayejua watu wanamtazama. Siku ilipofika ya kuchagua kati ya ukweli na majlisi ya baba yake, alichagua majlisi, kama wote. Nikanawa mikono yangu kwa sabuni mara mbili, nikarudi ndani, nikamwambia mama kichwa kinaniuma.

Ndani ya gari mama alisema, "Njia ya mwongo fupi. Watu wale hata aibu hawana, wamekwenda Bidbid kuninunulia bahari wakaniambia ziwa. Mie, Shekha." Kisha akashusha sauti. "Lakini mie nimesema yangu tu. Wewe ndiye utakayekaa naye. Ukimtaka, mchukue, n'takuombea kheri." Nakiri alikuwa muungwana hapo. Nilimjibu simtaki. Jawabu likapelekwa kwa maneno ya heshima, kwamba binti bado anataka kusomesha kwanza, na kila mtu kutoka Nizwa mpaka Ibra alijua kwamba binti amekataa kwa ajili ya samaki. Wiki kadhaa walicheka watu. Mashua ya Ami Seif ilikaa uani kwake miaka mingi, watoto wa jirani wakiichezea.

Niliolewa baadaye na mtu wa kwetu, mtoto wa Unguja, aliyejua majina ya samaki wote wa bahari. Hakuwahi kunitazama machoni, na katika maisha yetu yote sikuwahi kujua alikuwa wapi alipochelewa kurudi. Hayo si ya hadithi hii. Nayataja tu ili ieleweke nilikuwa na nini moyoni nilipokaa pale matangani mwezi uliopita, nikiwasikia wanaume wakimjengea marehemu ziwa upya. Mama yangu amekwishatangulia. Alikufa akiwa bado anahadithia lile neno lake la chumvi ya kuzaliwa, na kila alipolihadithia watu walicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Na Salim alikuwa hapo ndani ya majlisi, mtu mzima mwenye wajukuu, wameniambia. Nilitega sikio nimsikie akisema kitu juu ya karamu ya baba yake. Hakusema kitu. Nikajiambia, ndiyo kawaida yao.

Nilipoinuka kuaga nilimwendea Bi Rukia, aliyekuwa amekaa eda kwenye kona ile ile ya udi, ameshakuwa mdogo kama mtoto ndani ya nguo zake. Nikambusu mkono, nikamwambia shikamoo, nikampa pole. Aliitikia marahaba, akanivuta nikae. Dirishani wanaume walikuwa wamerudi tena kwenye karamu.

"Unawasikia?" aliniambia. "Kaumu nzima, eti. Seif alikuwa mwongo, Mungu amrehemu, nami nimeishi naye najua. Kaumu nzima ilikula wa Bidbid. Waliokula wa bwawani ni wawili tu, mama yako na wewe."

Nilidhani uzee umempanda. Nikasema, "Bi Rukia, mama alijua. Alisema mwenyewe."

"Alisema, ndiyo. Nilikuwa nimepiga magoti hapo." Alicheka kidogo, bila furaha. "Maji yalipokwisha Seif aliingia kwenye lile dimbwi na kanzu yake, tope mpaka kiunoni, akipigana na ndege. Alikaa humo kutwa nzima. Akatoka na wawili wazima. Akawaweka kwenye hodhi la kuogea hapo nje, akageuza maji ya falaj yapite humo siku zote mpaka ya karamu, ili watapike tope. Akaniambia, Rukia, yule mama wa Unguja atasema wananuka, watie chumvi ya kutosha. Nikawalaza kwenye chumvi na ndimu tangu alfajiri. Wengine nikamwambia anunue, si watu walishaalikwa?" Akanipigapiga goti. "Mama yako akala akasema wana chumvi ya kuzaliwa. Chumvi niliitia mimi, mwanangu, kwa mkono wangu huu."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba hawa wawili ndio wa kweli, wenzenu wote mnakula wa barabarani? Na yeye keshawaapia wanaume kule? Ningepata mkwe nikamvua mume nguo." Akajifunika vizuri mtandio. "Nikajisemea, Salim atamwambia. Salim haongezi wala hapunguzi, tangu mtoto. Kwani hakukwambia?"

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akipima samaki kwa mikono yake, nilijua kwa namna wengine walivyosema masha Allah.

"Aliniambia," nikasema.

Bi Rukia alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mgeni mwengine aliyekuwa ameinama kumpa mkono.